Ndimu kwa Chumvi, Magadi kwa Mafuta

Bafu la bibi yangu, Ngamiani mjini Tanga, halikuwa na paa. Lilikuwa uani, nyuma ya nyumba, kuta zake zimepakwa chokaa, sakafu ya saruji iliyopigwa niru, na tundu la kutolea maji kwenye kona. Jua la mchana lilishuka moja kwa moja hadi chini. Vifaa vyake vilikuwa pipa la maji, kata ya kifuu, dodoki lililotundikwa msumarini, fagio la chelewa lililoisha nusu na kopo la jivu. Nyumba ilikuwa na wapangaji, na watoto tulikuwa wengi, wote tukioga humo humo. Harufu mbaya haikuwamo.

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimefanya usafi kwa mshahara. Nilianza katika nyumba za wageni Dar es Salaam, nikaja kuwa msimamizi wa mabinti wanaosafisha vyumba, na sasa nafundisha kila anayetaka kujifunza. Nimeshika dawa za rangi zote, za chupa na za ndoo, zenye harufu ya msonobari na zenye kuchoma pua. Katika hizo zote sijaona iliyonifaa kama swali ambalo bibi alimwuliza kila mjukuu aliyepewa zamu ya bafu. "Kwanza tazama, mwanangu," alikuwa akisema. "Hiki ulichokiona ni mafuta, ni chumvi, au ni kitu kinachoota?" Hukuruhusiwa kugusa fagio kabla hujajibu.

Swali hilo lina elimu nyingi kuliko chupa nyingi nilizowahi kununua, kwa sababu uchafu wa bafuni kweli ni wa namna hizo tatu. Kuna mafuta ya mwili, ya nywele na ya sabuni yenyewe, yanayofanya sakafu iteleze. Kuna chumvi na chokaa inayoachwa na maji, pamoja na ule ukoko wa manjano unaoachwa na mkojo. Na kuna ukungu, ile michirizi myeusi kwenye kona na katikati ya vigae, ambao ni kiumbe hai. Kila mmoja una kinachoutoa. Ukikosea, utasugua hadi bega liume na uchafu utabaki palepale ukikutazama.

Kwa mafuta, bibi alitumia jivu. Alilichekecha kwanza kwa kitambaa chakavu, maana chembe ya mkaa ikibaki ndani hukwaruza niru, na niru ikishakwaruzwa hushika uchafu milele. Alilinyunyiza kwenye sakafu mbichi, akaliacha kidogo, kisha akasugua kwa kumbi la nazi. Nilipofika sekondari na kukutana na somo la asidi na besi ndipo nilipojua kilichokuwa kikitendeka. Jivu la kuni lina chumvi za potasiamu ambazo ni besi, na besi ikikutana na mafuta katika maji huyageuza kidogo kidogo kuwa sabuni. Bibi alikuwa akitengeneza sabuni sakafuni kutokana na uchafu wenyewe.

Siku hizi wengi wetu mjini hatuna jivu la kutosha, lakini tuna magadi. Nayasema haya ya mawe, yanayouzwa sokoni kwa mafungu kwa ajili ya makande na maharage. Hutoka katika maziwa ya Bonde la Ufa, kama Ziwa Natron kwetu na Ziwa Magadi kule Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba imekuwapo tangu 1911. Ndani yake mna kaboneti na baikaboneti ya sodiamu, na ndiyo maana yana nguvu kuliko ule unga mweupe laini wa dukani tunaouita magadi soda, ambao ni baikaboneti tupu. Yeyusha fungu dogo katika ndoo ya maji ya moto, mwaga sakafuni, nenda kaanike nguo, kisha rudi usugue kwa brashi ngumu. Utando wa mafuta utatoka wenyewe. Vaa glavu, kwa kuwa magadi hayachagui mafuta ya sakafu na mafuta ya ngozi yako. Na usiyaache yakae juu ya fremu za alumini, yataziharibu.

Magadi soda ya unga nayo ina kazi yake. Ni nzuri kwa kusugua sinki na beseni, kwa kuwa chembe zake ni laini na hazikwaruzi. Changanya na maji kidogo tu iwe uji mzito, upake kwa kitambaa. Ila angalia usichukue baking powder, ile ya kuumulia keki. Ile imechanganywa na asidi kavu pamoja na wanga, na wanga bafuni ni chakula cha ukungu.

Nikija kwenye chumvi, hapo nina mengi ya kusema, kwa sababu ndipo Dar es Salaam iliponifundisha kazi. Tanga sikuwahi kuona bomba limeota gamba jeupe. Nilipoanza kazi katika nyumba ya wageni iliyotumia maji ya kisima kirefu, nilikuta bomba la mvua linatoa maji kwa matundu machache tu, mengine yamezibwa. Vioo vilikuwa na madoa kama ya tetekuwanga. Ukutani, usawa wa kiuno, ambapo povu hurukia mtu anapooga, palikuwa na utando wa kijivu ambao kila msichana aliyenitangulia alikuwa ameusugua kwa sabuni ya mche. Na kadiri walivyozidisha sabuni ndivyo utando ulivyonenepa. Maji ya visima vingi ni magumu, yana kalisi na magnesi. Sabuni ya mche ikikutana na madini hayo hugandamana nayo na kuwa kitu kisichoyeyuka. Kwa hiyo ule utando ulikuwa nusu yake ni sabuni. Kuusugua kwa sabuni na maji yale yale ya kisima kulikuwa ni kuulisha.

Hapa panatakiwa asidi, na asidi ya jikoni inatosha. Siki nyeupe ya kawaida ina asidi kama asilimia 5 hivi, na maji ya ndimu au limau hayapishani nayo sana. Chokaa ile ngumu ni kalisi kaboneti, na asidi huitafuna mpaka ikawa chumvi inayoyeyuka, maji na hewa. Siri yake ni subira. Ukipaka siki na kufuta hapo hapo, hujafanya kitu. Kwa bomba la mvua, jaza siki katika pakiti tupu ya maziwa iliyooshwa, ifunge kwa uzi kuzunguka kichwa cha bomba mpaka kizame, uiache usiku kucha. Nasema pakiti ya maziwa kwa sababu tangu 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania, na pakiti ya maziwa ni imara kuliko mifuko ile hata hivyo. Asubuhi fungulia maji, chokonoa matundu kwa mswaki mkuukuu, na gamba litadondoka. Kwa choo chenye duara la manjano, sukuma maji yashuke kwanza kwa brashi, kisha bandika vitambaa vilivyoloweshwa siki juu ya ukoko wenyewe hadi kesho yake. Siki ikimwagwa tu ndani ya maji ya choo huwa imezimuliwa kabla ya kufanya kazi.

Harufu ya mkojo nayo hutokana na ukoko huo. Bakteria huivunja urea na kutoa amonia, ambayo ni besi. Ndimu inapokutana nayo huituliza kabisa, haiifuniki kwa harufu nyingine. Ndiyo maana maganda ya ndimu ambayo bibi aliyasugulia pembe za choo baada ya kukamulia samaki yalifanya kazi ambayo manukato ya dukani hayaiwezi.

Na kuna doa la kutu, lile la rangi ya chai linaloachwa na ndoo ya bati au msumari. Kwetu uani palikuwa na mbirimbi, na matunda yake tuliyala kwa chumvi mpaka meno yakafa ganzi. Yaliyopondeka hayakutupwa. Bibi aliyaponda kwa mchi wa kinu, akayapaka juu ya kutu, na doa likafifia. Birimbi lina asidi ya okzaliki, ambayo hushikana na chuma na kukitoa. Ukwaju aliuweka kwa ajili ya vyombo vya shaba. Mwanamke ambaye hakuwahi kuingia maabara alijua asidi ipi ni ya chuma na ipi ni ya shaba, na mimi ninayemwandika leo ninaona fahari kuliko ninavyoweza kusema.

Alijua pia mahali ambapo ndimu hairuhusiwi. Sakafu ya niru, ukuta wa chokaa, marumaru halisi na mosaiki ya saruji vyote vina kalisi ndani, na asidi haitambui kalisi ya uchafu na kalisi ya jengo. Katika nyumba za zamani za pwani, kule Pangani, Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu, ambako mabafu yalikuwa na birika za chokaa na ndani yake wakafugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, ukimwaga siki ukutani unakula nyumba ya watu. Huko tumia sabuni na maji. Kama hujui sakafu yako ni ya nini, dondosha tone la limau mahali pasipoonekana. Likitoa vipovu, suuza haraka na urudi kwenye sabuni. Vigae vya kauri havina shida, ila saruji iliyo katikati ya vigae ina shida, basi usiiloweshe asidi kila siku.

Sasa naomba nizungumzie jambo linaloniudhi. Kila mtu amewahi kuona kwenye simu mtu akimimina siki juu ya magadi soda, povu linafura, na watazamaji wanaamini kwamba povu ndilo linalosafisha. Asidi na besi zikikutana zinauana. Povu ni hewa ya kaboni inayotoroka, na kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo, dhaifu kuliko kila kimoja kilivyokuwa peke yake. Povu hilo linaweza kutikisa taka kidogo kwenye tundu la maji, basi. Ukichanganya viwili hivyo kwenye chupa na kuvihifadhi, umehifadhi maji. Tumia magadi kwanza kwa mafuta, suuza, kisha siki kwa chumvi. Kila kimoja kwa zamu yake.

Mabinti niliowasimamia niliwaonyesha jambo hili kwa juisi ya rozela. Unachemsha maua, unagawa katika glasi. Glasi moja unatia siki, rangi inazidi kuwa nyekundu. Nyingine unatia magadi, inageuka zambarau na hatimaye kijani. Kisha unamimina siki kidogo kidogo katika ile ya kijani, linatoka povu, na wekundu unarudi. Hakuna aliyeona rangi ile ikirudi halafu akasahau. Glasi ya klorini sikuwahi kuiweka mezani, kwa sababu rozela yenyewe ni chachu, na klorini haikutanishwi na kitu kichachu hata kwa kuonyesha.

Hilo la klorini nalijua kwa macho yangu. Katika mojawapo ya nyumba za wageni nilizofanyia kazi, mwenzangu, msichana aliyekuwa mgeni mjini, alimwaga chooni dawa yenye asidi. Alipoona ukoko hautoki haraka, akaongeza klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Bafu halikuwa na dirisha, na feni yake ilikuwa imekufa zamani. Tulisikia kikohozi cha ajabu, kisha kimya. Tulipofungua mlango, hewa iliyotoka ilituchoma macho, na ikabidi tumvute nje kwa kanga yake. Mtu alikimbilia maziwa. Maziwa hayamsaidii aliyevuta gesi. Anachohitaji ni kutolewa kwenye hewa safi, kuketishwa wima, kulegezwa nguo na kupelekwa hospitali bila kuchelewa, hata kama anasema amepata nafuu, maana mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Huyu alipona, lakini kifua hakikurudi kama kilivyokuwa.

Gesi iliyomwangusha ni klorini, ile ile ambayo jeshi la Ujerumani liliiachia karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, iwaue askari kwenye mahandaki. Ni nzito kama mara mbili na nusu ya hewa, kwa hiyo hushuka chini, alipo mtu aliyechuchumaa akisugua choo. Siki inaitoa. Ndimu inaitoa. Hata mkojo ambao haujasuuzwa, kwa ile amonia yake, ukikutana na klorini hutoa gesi nyingine inayochoma kifua. Msichana yule hakuambiwa lolote kati ya haya. Maandishi ya chupa zote mbili yalikuwa kwa Kiingereza, na yeye alisoma Kiswahili. Alichoambiwa na tajiri ni kwamba bafu safi linanuka dawa.

Imani hiyo ndiyo ninayoipinga kwa nguvu zangu zote. Bafu safi halinuki kitu. Harufu kali ni ushahidi kwamba mtu amemwaga, haithibitishi kwamba uchafu umeondoka.

Lakini sitaki mtu anielewe kwamba ndimu inatosha kwa kila jambo. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, mabinti wengine walinitania kwa kuninunulia siki. Niliwajibu kwamba hapo siki haina kazi. Siki na ndimu huondoa ukoko na kupunguza baadhi ya vijidudu, ila mtu akiharisha au kutapika nyumbani, ni lazima klorini. Osha kwanza kwa sabuni na maji, kwa kuwa uchafu hula nguvu ya klorini, suuza vizuri, kisha paka klorini peke yake na uiache kama dakika 10. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 6 za maji hutoa asilimia 0.5, kiasi kinachotumika pale palipomwagika uchafu wa mgonjwa. Ichanganye siku ile ile ya kuitumia, katika maji baridi, maana jua na kukaa huiharibu. Mlango na dirisha viwe wazi. Siku za kawaida huihitaji, na ukiimwaga nyingi kila siku unawaua bakteria wa kwenye karo wanaomeng'enya kinyesi, kisha unashangaa karo limejaa mapema.

Umebaki ukungu, na huu ndio uliofunua kwa nini bafu la bibi lilikuwa zuri vile. Ukungu hauhitaji zaidi ya unyevu na chakula kidogo. Siki inaupunguza, klorini inaufifisha rangi, lakini bafu likibaki bichi utarudi baada ya wiki chache, mara nyingi pale pale. Bafu lisilo na paa lilikauka kila adhuhuri, na miale ya jua iliua kilichobaki. Tulipohamia kwenye vyumba vya ndani vyenye vigae, dari na tundu dogo la hewa, tulipata starehe na tukapoteza jua. Nafasi yake hujazwa na mkono. Nyumbani kwangu, wa mwisho kuoga huvuta maji ya ukutani na sakafuni kwa mpira wa kufutia maji, hupangusa bomba kwa kitambaa kikavu, na kuacha mlango wazi. Kazi hii ni fupi kuliko kupiga mswaki. Tone lililofutwa haliachi chumvi linapokauka, na ukuta mkavu hauoti kitu. Tangu tuanze desturi hiyo, siki yangu inakaa chupani muda mrefu.

Kama bafu ni kavu na limesuguliwa lakini bado linanuka kama mtaro, usilaumu sakafu. Chini ya tundu la maji kuna kona ya bomba ambayo mafundi huiita trapu, na maji yanayokaa humo huziba hewa ya karo isipande. Bafu la wageni lisipotumika muda mrefu, maji hayo hukauka. Kata moja ya maji inamaliza tatizo ambalo watu hulinunulia dawa.

Wengi wa wanaosoma haya hawasafishi bafu lao wenyewe. Anayelisafisha ni binti aliyetoka kijijini, anayelala chumba cha nyuma na anayeogopa kuuliza. Kwa ajili yake nakuomba jambo moja. Kabla hujamkabidhi brashi, kaa naye, zitoeni chupa zote nje, umsomee kila moja kwa Kiswahili, na umwonyeshe zipi hazikutani kamwe. Mnunulie glavu. Kama bafu halina dirisha na feni imekufa, itengeneze kabla ya Jumamosi ijayo.